Mgeni Katika Uwanja wa Carnoustie

Jioni hii twapenda kuwachukua safari ya mbali, mpaka nchi ya Uskoti, katika mji mdogo wa pwani uitwao Carnoustie. Mji huo uko upande wa mashariki, ukingoni mwa Bahari ya Kaskazini, si mbali na mji mkubwa wa Dundee. Mgeni akishuka katika gari moshi huziona nyumba za mawe upande mmoja, na upande wa pili huuona uwanda mpana wa mchanga na majani, na ng'ambo yake bahari. Uwanda huo ndio uliotupeleka. Ni uwanja wa mchezo wa gofu, na wachezaji wa dunia nzima huutaja kwa hofu. Sisi tuliucheza siku moja, tukiwa wageni.

Labda wako watakaouliza, "Mwalimu, gofu ni mchezo wa wakubwa wenye fedha, sisi watu wa jembe na wanafunzi yatufaa nini?" Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kabla ya kuagana. Lakini kwanza hatuna budi kusema habari za baba yetu.

Baba yetu alipokuwa kijana, katika miaka ya 1950, alifanya kazi ya kubeba mifuko ya fimbo za wachezaji katika uwanja mmoja wa gofu wa nchi yetu. Mtu wa kazi hiyo huitwa kedi. Siku zile, katika uwanja ule, mtu mweusi aliingia akiwa amebeba mfuko wa mtu mwingine begani, kucheza hakuruhusiwa. Hata hivyo kazi ya kedi si kubeba tu. Yeye ndiye ajuaye mteremko ulivyo, upepo wavuma kutoka wapi, na fimbo ipi yafaa. Baba aliujua uwanja ule kama mtu aujuavyo uga wa nyumba yake, na jioni, wachezaji walipokwisha kwenda, alipiga kokwa za maembe kwa fimbo aliyoichonga mwenyewe. Ndivyo alivyojifunza, na ndivyo alivyotufundisha sisi. Tulipopata nafasi ya kwenda Uskoti kwa mkutano wa walimu, akatuita akasema, "Mwanangu, ukicheza huko, niletee karatasi ya hesabu. Usipunguze hata pigo moja. Nami nitaisoma."

Kwa faida ya wale ambao hawajauona mchezo huu, tueleze kwa maneno machache. Mchezaji ana mpira mdogo, mgumu, ukubwa wake kama ndimu, na mfuko wa fimbo zisizozidi 14. Huupiga mpira toka mahali pa kuanzia mpaka auingize katika shimo lenye upana wa inchi nne na robo, ambalo kiganja cha mtu chaweza kulifunika. Kulizunguka shimo, majani yamekatwa mafupi yakawa kama zulia. Mashimo yako 18, na kila shimo lina idadi ya mapigo inayotazamiwa kwa mchezaji hodari: tatu, nne au tano, kwa kadiri ya urefu wake. Ashindaye ni yule aliyepiga mara chache kuliko wenzake. Na katika michezo ya kila siku hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Mtu huhesabu makosa yake mwenyewe, hata yale yaliyofanyika vichakani ambako hakuna aliyemwona.

Sasa uwanja wa pwani ya Uskoti haufanani na bustani iliyopandwa maua. Ni ardhi ya mchanga iliyo kati ya bahari na mashamba, isiyofaa sana kwa kilimo. Mvua ikinyesha, mchanga huyanywa maji upesi. Majani yake ni membamba, na chini ni kugumu, kwa hiyo mpira ukianguka hukimbia mbele kama sungura aliyeona mbwa, wala haujulikani utasimama wapi. Tena kuna mahandaki ya mchanga, mengine yenye kuta zilizosimama wima kama kuta za kisima, zilizojengwa kwa matofali ya udongo na majani yaliyopangwa moja juu ya jingine. Mpira ukitumbukia humo, mara nyingi mchezaji hana njia ila kuupiga kando au kuurudisha nyuma.

Juu ya hayo yote kuna upepo. Sisi wa Afrika ya Mashariki tunayo kaskazi na kusi, na kila mmoja una majira yake, hata mabaharia wa zamani walipanga safari kwa kuutumaini. Upepo wa Carnoustie hauna ahadi kama hizo. Asubuhi huvuma hivi, adhuhuri umekwisha kugeuka. Na waliolipanga eneo lile walifanya werevu mkubwa: mashimo hayafuatani kuelekea upande mmoja zaidi ya mawili. Mchezaji akidhani amekwisha kuuzoea upepo usoni, mara humjia ubavuni, kisha mgongoni.

Watu wa mahali hapo wamecheza gofu tangu karne ya 16. Katikati ya karne ya 19 Allan Robertson wa St Andrews aliwapimia mashimo 10. Mwaka 1867 Tom Morris Mkubwa akayafanya 18. Na mwaka 1926 James Braid akautengeneza uwanja upya. Mwaka 1931 mashindano makuu ya Uingereza, yaitwayo Open, yalifanyika hapo kwa mara ya kwanza, na hata kufika mwaka 2018 yalikuwa yamefanyika hapo mara 8. Mwaka huo wa 2018 urefu wake ulikuwa yadi 7,402, yaani maili nne na zaidi, na idadi iliyotazamiwa kwa mashimo yote ilikuwa mapigo 71. Lakini uwanja ni wa umma. Wenyeji hucheza, na mgeni akilipa ada yake hupewa nafasi, huanzia mahali pa karibu zaidi kuliko mabingwa, kisha hukutana na mahandaki yale yale na maji yale yale.

Basi siku yetu ikafika. Saa mbili asubuhi tulisimama mahali pa kuanzia pamoja na mwenyeji mmoja na binti yake, ambao bahati ilituunganisha nao, na mfuko wetu ulichukuliwa na kedi mmoja mzee, mtu wa mji ule ule, mwembamba, mwenye maneno machache. Haikuwa jambo jepesi kwetu kumpa mzee huyo mfuko. Tulimwona baba yetu. Tukataka kuubeba wenyewe, lakini mzee akacheka, akasema, "Mwalimu, wewe chukua mikono yako, mimi nitachukua macho." Maneno hayo yalitushangaza, kwa maana baba yetu husema karibu hivyo hivyo.

Mashimo ya kwanza tulikwenda vizuri, tukimfuata. Alisema, "Piga kushoto mwa kile kilima," nasi tukapiga. Alisema, "Fimbo ndogo zaidi," nasi tukachukua ndogo. Tulipomaliza shimo la tano tulikuwa tumeanza kujiona. Wahenga wamesema mgeni ni kuku mweupe, maana yake kila mtu humtambua. Lakini kuku huyu mweupe alikuwa amekwisha kujisahau akadhani ni mwenyeji.

Shimo la 6 lina jina la mtu: Hogan's Alley, yaani Njia ya Hogan. Ben Hogan alikuwa Mmarekani. Mwezi wa Februari mwaka 1949 basi liligongana na gari lake, akavunjika mifupa mingi, hata ikasemwa huenda asitembee tena. Mwaka 1953 alikuja Carnoustie, nayo ilikuwa mara yake ya kwanza na ya mwisho kucheza katika Open. Hakuja siku ya mashindano. Alitangulia mapema, akaupima uwanja kwa miguu yake iliyokuwa ikimwuma, akajizoeza kuupiga mpira wa Uingereza, ambao siku zile ulikuwa mdogo kuliko ule wa Marekani. Kisha katika siku za mashindano akapiga mapigo 73, halafu 71, halafu 70, halafu 68, kila mara pungufu ya mara iliyotangulia, akashinda kwa mapigo 4. Hivyo ndivyo bingwa alivyokuwa mgeni: alikubali kwanza kuwa mwanafunzi wa mahali.

Katika shimo hilo la 6, katikati ya njia kuna mahandaki ya mchanga, na upande wa kushoto kuna ua. Ng'ambo ya ua si uwanja tena, ni ardhi ya majeshi, ambako askari hujizoeza kupiga bunduki. Kati ya mahandaki na ua kuna kipande chembamba cha majani, na yasimuliwa kwamba Hogan aliupeleka mpira wake hapo. Sisi tulikuwa tumeisoma habari hiyo. Mzee akaonyesha kulia kwa kidole, akasema, "Huku kuna nafasi. Upepo watoka kulia." Tukamjibu, "Tunataka kupita njia ya Hogan." Hakubishana. Alitupa fimbo kubwa, akatazama baharini.

Tukapiga kwa nguvu zetu zote. Mpira ulikwenda vizuri mwanzo, kisha upepo ukaushika begani, ukauchukua juu ya ua, ukaangukia kwa askari. Sheria husema mtu akiupeleka mpira nje ya mpaka hurudi kupiga tena mahali pale pale, na huongezewa pigo moja. Pigo letu la tatu likaingia katika handaki. La nne likatoka kando. Twende upesi: tuliandika 9 mahali ambapo hutazamiwa 5. Mzee hakusema neno la kutulaumu. Alipofuta mchanga katika fimbo alisema tu, "Hogan alikaa hapa siku nyingi kabla ya kuipita njia ile. Wewe umefika asubuhi."

Kuanzia hapo tuliyatega masikio. Mzee naye, alipoona tumetulia, akaanza kutusimulia. Shimo la 10 huitwa South America, yaani Amerika ya Kusini. Yasemekana kijana mmoja wa Carnoustie aliazimu kuhama kwenda huko, akafanyiwa karamu ya kuagwa, akanywa sana, na asubuhi akaonekana amelala mahali hapo uwanjani. Ndio mwisho wa safari yake. Lakini wengine walifika kweli. Vijana wengi wa mji huu walikwenda Marekani kufundisha gofu, na ndugu wawili, Willie na Alex Smith, walishinda mashindano makuu ya nchi hiyo, mmoja mwaka 1899, na mwingine mwaka 1906 na 1910. Shimo la 14 huitwa Spectacles, yaani Miwani, kwa ajili ya mahandaki mawili yaliyo bega kwa bega juu ya mgongo wa ardhi, yakimtazama mchezaji kama macho ya mwalimu mkali.

Wasikilizaji, mashimo matatu ya mwisho ya uwanja huu ndiyo yaliyoupa sifa ya kuogopwa. Shimo la 16 hutazamiwa kumalizika kwa mapigo matatu, na mabingwa huanzia umbali wa yadi karibu 250. Mwaka 1975 Tom Watson alishinda mashindano makuu hapo, lakini katika mara 5 alizolicheza shimo hili hakuipata ile tatu hata mara moja. Kisha kuna kijito kiitwacho Barry Burn. Si mto mkubwa. Hapo kwetu watoto wangeogelea. Lakini kimejengewa kuta za mawe, nacho hupinda na kurudi kama nyoka, kikikata njia ya shimo la 17 na la 18, na mwisho hupita mbele ya zulia la shimo la mwisho kabisa, kana kwamba kinangoja mlangoni.

Mwaka 1999 Mfaransa mmoja, Jean van de Velde, alisimama mahali pa kuanzia shimo hilo la 18 akiwa mbele ya wote. Shimo lile lilitazamiwa kwa mapigo manne. Hata angalipiga sita, angalikuwa bingwa. Angaliweza kupiga mpira mfupi, na mfupi wa pili, na wa tatu kuvuka kijito, naye angekuwa na mapigo ya akiba. Yeye alichukua fimbo kubwa, mpira ukaenda mbali upande wa kulia, lakini ukasalimika. Pigo la pili akataka tena kuvuka. Mpira ukagonga jukwaa la watazamaji, ukarudi, ukagonga ukuta wa kijito, ukaruka nyuma katika majani marefu. Pigo la tatu likaingia majini. Watu wakamwona akivua viatu na soksi, akishuka katika kijito, akiutazama mpira uliokuwa chini ya maji. Akapanda tena, akakubali pigo la adhabu, akapiga la tano katika handaki la mchanga, la sita likamtoa, na la saba akaingiza. Mpigo huo wa mwisho ulikuwa wa moyo wa kiume, lakini alikuwa sasa sawa na watu wawili wengine, na waliporudia mashimo manne kukata shauri, ushindi ulikwenda kwa Paul Lawrie, Mskoti, ambaye siku hiyo aliianza akiwa nyuma kwa mapigo 10. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Tena mwaka 2007 Padraig Harrington wa Ireland alifika shimo lile lile, akaupeleka mpira wake katika kijito mara mbili, akamaliza kwa sita. Bahati yake, mpinzani wake Sergio García naye akapoteza pigo, wakawa sawa, wakarudia mashimo manne. Harrington alipolifikia shimo la 18 mara ya pili alikuwa mbele kwa mapigo mawili. Safari hii hakujaribu kuvuka kwa pigo la pili. Alisimamisha mpira wake huku ng'ambo ya kijito, akavuka kwa la tatu, akamaliza kwa tano, akawa bingwa kwa pigo moja. Kijito kilikuwa kimemfundisha muda mfupi tu uliopita.

Sasa turudi kwetu. Tulipofika shimo la 18 mikono ilikuwa imechoka, na upepo ulikuwa usoni. Tulihesabu karatasi yetu kwa siri tukaona kwamba tukilimaliza shimo hili kwa manne, jumla yetu ingekuwa 99. Mtu asiyecheza gofu hawezi kujua jinsi hesabu ya chini ya mia inavyomvuta mchezaji mdogo kama sisi. Tulifikiri habari ya baba atakapoiona. Pigo la kwanza lilikuwa zuri kuliko yote ya siku ile, mpira ukakaa katikati ya njia. Mbele yetu tuliona ukuta wa mawe, na nyuma yake zulia la shimo, na bendera ikipigwa na upepo. Tukamwuliza mzee, "Yawezekana kuvuka?"

Akajibu, "Yawezekana. Mara moja katika kumi."

Tukanyamaza. Fimbo kubwa ilikuwa tayari mkononi mwetu. Mzee hakuongeza neno. Alisimama kama baba alivyokuwa akisimama nyuma ya watu wengine miaka ile, akijua jibu, akingoja kuulizwa. Basi tukaona haya kuwa miongoni mwa wale wasiouliza. Tukamrudishia fimbo, tukasema, "Wewe wafanyaje?" Akatupa fimbo fupi.

Tukapiga mpira mdogo, ukasimama hatua chache kabla ya maji. Pigo la tatu likavuka, likatua juu ya zulia, mbali na shimo. Tukasukuma mara tatu, mpira ukaingia. Sita. Ile ile sita iliyotosha kumfanya Mfaransa bingwa. Jumla yetu ikawa 101, wala hatukuipunguza. Mzee akavua kofia, akatupa mkono, nasi tukaushika kwa mikono miwili, kwa desturi ya kwetu tunapomwamkia mzazi.

Tuliporudi nyumbani, baba alivaa miwani yake akaketi mlangoni penye mwanga. Aliisoma karatasi polepole, shimo kwa shimo, kama mtu asomaye barua. Hakuuliza jumla. Alipofika shimo la 6 akaweka kidole juu ya ile 9, akasema, "Hapa hukumsikiliza kedi." Tukakubali. Akaendelea mpaka chini, akaweka kidole juu ya ile sita ya mwisho. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Hapa ulimsikiliza." Akaikunja karatasi, akaitia katika kisanduku chake pamoja na hati za shamba.

Hilo ndilo jibu letu kwa yule aliyeuliza gofu yatufaa nini. Kila mmoja wetu siku moja atakuwa mgeni mahali: mwanafunzi katika shule mpya, mkulima katika ardhi asiyoizoea, bibi arusi katika nyumba ya wakwe. Mahali hapo patakuwa na upepo wake na kijito chake, na patakuwapo mtu mmoja, labda mnyonge, labda amebeba mzigo wako, ambaye apajua. Mtu huyo hatakulazimisha. Atangoja umwulize. Kuuliza si ujinga, na kupiga fupi si woga.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, na usiku mwema.